Binti yangu anataka nadharia ya fizikia ya nyuklia: maswali ya wazazi na wanafunzi wa Mombasa

Nafundisha fizikia hapa Mombasa, na maswali haya hunifikia kila matokeo ya mitihani yanapotoka. Mengine huulizwa siku ya wazazi, mengine huingia kwenye WhatsApp usiku watu wamelala, mengine huletwa na mama aliyesimama mlangoni huku binti yuko nyuma yake ameinamisha macho. Machache yanahusu hesabu. Mengi yanahusu ndoa, mionzi, pesa na kazi. Nimeyajibu kwa namna yanavyoulizwa, na pale nilipo na maoni yangu nimeyatia.

Mtu wa nadharia ya nyuklia anafanya nini kutwa nzima?

Anahesabu, anaandika programu za kompyuta, anasoma makala za wenzake na kubishana nao. Maabara hana. Anachotaka kujua ni jinsi protoni na nyutroni zinavyoshikana ndani ya kiini cha atomu, kwa nini viini vingine hudumu na vingine huvunjika mara moja, na namna madini mazito kama dhahabu yalivyopikwa angani kabla dunia haijakuwapo.

Chukua kalsiamu. Kila atomu ya kalsiamu ina protoni 20, ila idadi ya nyutroni hutofautiana. Kiini kikiwa kimetulia, huhitaji kiasi fulani cha nishati ili kiweze kupanda ngazi ya kwanza. Kalsiamu-42 (jumla ya protoni na nyutroni zake ni 42) inataka megaelektronivolti 1.52, hicho kikiwa kipimo cha nishati ya viini. Kalsiamu-44 inataka 1.16, na kalsiamu-46 inataka 1.35. Ukifika kalsiamu-48, yenye nyutroni 28, nishati inaruka ghafla hadi 3.83. Ongeza nyutroni mbili tu uingie kalsiamu-50, inaanguka tena mpaka 1.03. Kuna kitu kuhusu hiyo 28. Watu wa maabara ndio waliopima tarakimu hizi. Kazi ya mnadharia ni kueleza mruko ule umetoka wapi, kisha aseme kiini ambacho bado hakijapimwa kitakuwaje.

Namba za aina hiyo ni 2, 8, 20, 28, 50, 82 na 126, na wanafizikia huziita namba za ajabu. Kiini chenye idadi hiyo ya protoni au ya nyutroni huwa kigumu kukitikisa, na chenye namba za ajabu pande zote mbili huwa kigumu zaidi. Mfano hauko mbali. Fort Jesus ilijengwa kuanzia 1593 kwa mawe ya matumbawe, na matumbawe hayo ni kalsiamu, kaboni na oksijeni. Karibu atomu 97 katika kila 100 za kalsiamu ni kalsiamu-40, yenye protoni 20 na nyutroni 20. Oksijeni nayo karibu yote ni oksijeni-16, nane kwa nane. Watalii hupiga picha mizinga. Mimi huwaambia wanafunzi wangu wautazame ukuta.

Ni mwanamke yupi aliyewahi kufika mbali katika fani hii?

Aliyeeleza namba hizo ni mwanamke: Maria Goeppert Mayer. Nitakaa kidogo kwenye maisha yake ya kazi, kwa sababu karibu kila swali ninaloulizwa na wazazi wa Mombasa limo humo.

Alizaliwa 1906 Kattowitz, mji ambao leo uko Poland, akakulia Göttingen nchini Ujerumani. Alipata uzamivu mwaka 1930 chini ya Max Born. Tasnifu yake ilisema kwamba atomu inaweza kumeza chembe mbili za mwanga kwa wakati mmoja, jambo lililosubiri leza zivumbuliwe ndipo lionekane kwa macho, mwaka 1961. Mwaka huohuo wa 1930 aliolewa na Joseph Mayer, mwanakemia Mmarekani, wakahamia Baltimore.

Mume alikuwa na kazi katika chuo kikuu cha Johns Hopkins. Mke, kwa kanuni za ajira za wakati ule, hakuweza kuajiriwa mahali alipoajiriwa mumewe. Akapewa chumba cha kufanyia kazi na vibarua vidogo, naye akaendelea kuchapisha makala. Mwaka 1939 walihamia Columbia, New York. Hadithi ikawa ileile. Mwaka 1946 walifika Chicago, na huko akaitwa profesa bila mshahara. Pesa alizipata kwa kazi ya nusu muda katika maabara ya Argonne, iliyofunguliwa mwaka huohuo.

Hapo ndipo alipolifumbua fumbo. Namba za ajabu zilikuwa zimeshaonekana tangu miaka ya 1930, lakini hakuna nadharia iliyotoa 28, 50, 82 na 126. Katika mazungumzo, mwanafizikia Enrico Fermi alimuuliza kama kuna dalili kwamba mzunguko wa chembe katika njia yake unahusiana na mzunguko wake juu ya mhimili wake. Swali lilimgonga papo hapo. Yeye mwenyewe alieleza jambo hilo kwa mfano wa wanandoa wanaocheza dansi ukumbini: wanazunguka ukumbi huku kila jozi inajizungusha, na kujizungusha upande mmoja ni rahisi kuliko upande wa pili. Tofauti hiyo ya nishati inazigawa ngazi za kiini upya, na mianya mikubwa inaangukia palepale panapotakiwa. Alichapisha mwaka 1949. Wakati huohuo, bila kuwasiliana naye, Hans Jensen na wenzake wawili, Otto Haxel na Hans Suess, walifikia jibu hilohilo Ujerumani. Badala ya kugombania nani alitangulia, yeye na Jensen waliandika kitabu pamoja, kikatoka 1955.

Uprofesa kamili wenye mshahara aliupata 1960, chuo kikuu cha California kule San Diego. Hesabu mwenyewe: miaka 30 baada ya uzamivu. Nobel ikaja 1963, nusu kwa Eugene Wigner, na nusu ya pili akagawana na Jensen. Gazeti la mjini kwake likaandika kwamba mama wa San Diego ameshinda Nobel. Alifariki 1972.

Wengi husimulia kisa hiki ili kuwafunza wasichana subira. Sikubaliani nao. Fizikia hiyo aliimaliza kwa muda mfupi. Kilichochukua miaka 30 ni mshahara. Binti akija kwangu namwambia achunge sana jambo hilo la pili.

Ni wanawake wangapi waliopata Nobel ya fizikia?

Watano mpaka sasa: Marie Curie 1903, Goeppert Mayer 1963, Donna Strickland 2018, Andrea Ghez 2020 na Anne L'Huillier 2023. Wa nadharia ya nyuklia ni mmoja.

Mwalimu, mionzi haitamdhuru? Atazaa kweli?

Swali hili ndilo wanaloniuliza mama wengi zaidi, na mara nyingi kwa sauti ya chini. Mnadharia hashiki kitu chochote chenye mionzi. Hatari ya kazi yake ni mgongo na macho, kwa kukaa mbele ya kompyuta. Goeppert Mayer alizaa watoto wawili.

Hata hao wanaofanya majaribio huvaa vipimo vya mionzi, na viwango vyao hufuatiliwa kwa sheria. Kwetu Kenya kazi hiyo ya kusimamia ni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia, iliyoundwa kwa sheria ya 2019.

Na mionzi si mgeni Pwani. Kule Kwale kuna Mrima, kilima ambacho udongo wake una thoriamu nyingi, na watafiti wa Kenya wamekipima mara kadhaa kwa sababu mionzi yake ya asili iko juu kuliko kawaida. Thoriamu-232 huoza polepole mno: nusu yake huchukua takriban miaka bilioni 14 kuisha. Inapitia hatua kumi, inatupa chembe za alfa sita na za beta nne, na mwisho inatua kuwa risasi-208. Hiyo ina protoni 82 na nyutroni 126. Mwanafunzi aliyeelewa aya ya Goeppert Mayer hapo juu atajua kwa nini safari inakomea hapo.

Hii si elimu ya mabomu?

Elimu ya kiini ndiyo iliyozaa bomu, hilo halifichiki, na wakati wa vita Goeppert Mayer mwenyewe alifanya utafiti wa kutenganisha uraniamu. Lakini mwanamke mwingine aliyekuwa na haki zaidi ya kualikwa, Lise Meitner, alikataa kujiunga na mradi wa bomu.

Meitner alizaliwa Vienna 1878. Alipoanza kazi Berlin alipewa chumba kilichokuwa karakana ya seremala, kwa sababu wanawake hawakuruhusiwa kupanda kwenye maabara za juu. Mwaka 1938 alilazimika kuikimbia Ujerumani ya Hitler kwa kuwa alikuwa na asili ya Kiyahudi. Krismasi ya mwaka huo, akiwa Uswidi, yeye na mpwa wake Otto Frisch ndio waliokaa wakahesabu kwamba kiini cha uraniamu kinaweza kupasuka vipande viwili na kutoa takriban megaelektronivolti 200. Nobel ya kemia ya 1944, kwa ugunduzi huo, ilimwendea mwenzake wa maabara ya Berlin, Otto Hahn, peke yake. Elementi namba 109 sasa ina jina la Meitner, heshima ambayo Hahn hana.

Bara letu nalo lina mkataba wake, wa Pelindaba, unaopiga marufuku silaha za nyuklia Afrika nzima. Ulianza kutumika 2009.

Basi ni kazi ya ule mtambo waliotaka kuujenga Uyombo?

Hapana. Mtambo wa umeme wa nyuklia unataka wahandisi, wataalamu wa usalama na mafundi. Wakazi wa Uyombo kule Kilifi waliupinga mradi ule kwa maandamano, na nina wanafunzi wenye jamaa huko. Darasani tunalizungumza wazi. Ila binti asichague nadharia ya nyuklia akitarajia mtambo, wala asiikimbie kwa ajili ya mtambo. Ni mambo mawili yanayokaa nyumba tofauti.

Akisoma mpaka uzamivu, nani atamuoa?

Swali hili huulizwa na shangazi kuliko mama, nami hujibu kwa heshima zote. Anayetaka kuoa msomi yuko, na asiyetaka asipewe. Shida ya kweli huja baada ya harusi. Kazi za utafiti huwa za mkataba wa miaka miwili au mitatu, leo Ujerumani, kesho Japani au Kanada, na mume naye ana kazi yake. Kanuni iliyomkwaza Goeppert Mayer imekwisha, lakini tatizo la watu wawili kupata kazi mji mmoja lipo mpaka leo, na mara nyingi mke ndiye anayeombwa ajinyime. Mambo haya yazungumzwe wakati wa posa, yasingojwe mpaka barua ya kazi ifike.

Anaweza kuvaa hijabu?

Ndiyo. Milinganyo haijali.

Alama gani zinahitajika, na masomo gani?

Hesabu kwanza, fizikia pili, kemia tatu. Walio kwenye mfumo mpya wachague mkondo wa STEM wanapoingia Gredi ya 10, na wahakikishe shule waliyopangiwa ina mwalimu wa fizikia kwelikweli. Wa 8-4-4 wana KCSE mpaka 2027 tu. Nimeona wasichana wazuri wa hesabu wakiiacha fizikia Kidato cha Tatu kwa kuambiwa ni ngumu. Ukishaiacha hapo, mlango umefungwa, na kuufungua tena ni gharama.

Kitu kimoja wazazi hawakitarajii: Kiingereza. Atasoma makala na kuandika makala kwa lugha hiyo maisha yake yote, kwa hiyo insha nazo zina maana.

Asome wapi shahada ya kwanza? Lazima aende Nairobi?

Si lazima. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa pale Tudor na Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi vyote vinafundisha fizikia, na kuna mzazi ambaye moyo wake hautulii binti akipanda treni pale Miritini. Chuo Kikuu cha Nairobi kina taasisi yake ya sayansi na teknolojia ya nyuklia, lakini hiyo ni ya masomo ya juu na nguvu yake iko kwenye vipimo na maabara kuliko nadharia.

Popote aendapo, aangalie mtaala. Kwa nadharia anahitaji kalkulasi, aljebra ya matriksi, mekanika ya kwanta (kanuni za chembe ndogo mno) na uandishi wa programu. Chuo chenye jina kubwa kinachofundisha kwanta kwa muhula mmoja wa haraka hakimfai kuliko chuo kidogo chenye mhadhiri anayesahihisha kazi za wanafunzi wake.

Na baada ya hapo?

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu hakuna jirani aliyewahi kupita. Njia za karibu ni tatu.

Ya kwanza ni Kigali. Chuo Kikuu cha Rwanda kina taasisi ya fizikia ya msingi ya Afrika Mashariki, mshirika wa kituo cha kimataifa cha fizikia cha Trieste, Italia. Mkenya anaingia Rwanda kwa kitambulisho cha taifa, bila pasipoti. Ya pili ni AIMS, mtandao wa vituo vya hisabati ulioanzia Afrika Kusini mwaka 2003, ambao hutoa uzamili kwa vijana wa bara zima. Ya tatu ni Trieste yenyewe, Italia, kwenye kituo cha ICTP alichokianzisha Abdus Salam wa Pakistan mwaka 1964 hasa kwa ajili ya watu wa nchi kama zetu. Stashahada yao ya mwaka mmoja imewavusha wengi kwenda kwenye uzamivu.

Hakuna mahali hapo patakapomfundisha nyuklia peke yake, na hilo lisimtishe. Mekanika ya kwanta ni ileile. Akienda kwenye uzamivu ndipo atafute msimamizi wa nyuklia, Darmstadt au Mainz kwa Wajerumani, Michigan State kwa Wamarekani, au Afrika Kusini, ambako iThemba LABS ina kiongeza kasi cha chembe na wanadharia wanafanya kazi bega kwa bega na wapimaji.

Kwa jumla: shahada ya kwanza miaka minne, uzamili miwili, uzamivu mitatu mpaka mitano, kisha mikataba ya utafiti, mara nyingi miwili au zaidi, kabla ya kazi ya kudumu. Anayeanza akiwa na miaka 18 asishangae kuwa katikati ya miaka ya thelathini bado anahamahama. Afadhali ajue leo.

Nani analipa? Sisi hatuna pesa za Ulaya.

Fizikia ina nafuu ambayo udaktari wa hospitali hauna: kwenye uzamivu, Ujerumani na Marekani kwa kawaida mwanafunzi ndiye anayelipwa. Ujerumani huandikiwa mkataba wa kazi au ufadhili. Marekani hupewa posho kwa kufundisha au kufanya utafiti, na karo husamehewa. Nauli ya kwanza na pesa za viza ndizo zinazoumiza, na hapo ndipo jamaa huchangishana.

Tahadhari moja. Kuna mawakala mjini humu wanaodai pesa ili "kushughulikia" ufadhili. Familia moja ninayoijua iliuza kiwanja, na barua waliyoletewa ilikuwa na nembo iliyobandikwa pembe. Vyuo vingi vya Marekani hudai ada ya maombi, kweli, na vingi huisamehe ukiomba, lakini pesa hiyo hulipwa chuoni moja kwa moja. Ukiambiwa utume kwa M-Pesa kwa jina la mtu, kata simu.

Akikosa uprofesa atakula nini?

Wengi hawaufikii uprofesa, wanaume kwa wanawake, nchi zote. Anayejua kuendesha hesabu ya matriksi yenye safu bilioni moja kwenye kompyuta kubwa hakosi kazi kwenye benki, bima, takwimu za afya au kampuni za programu. Njia ninayoipenda zaidi ni fizikia ya tiba: hospitali zenye mashine za mionzi ya saratani zinahitaji mtu wa kukokotoa dozi, na kituo cha Trieste kina uzamili wa fani hiyo pamoja na chuo kikuu cha mji huo. Huyo anarudi nyumbani na kazi mkononi.

Anaweza kurudi Mombasa na kuendelea na nadharia?

Anaweza, kwa masharti. Nadharia haihitaji mashine ya mabilioni. Makala karibu zote za nadharia ya nyuklia huwekwa kwenye arXiv, hazina ya makala mtandaoni, bure, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Aliyeko Kisauni anazisoma siku ileile na aliyeko Tokyo. Kompyuta kubwa huendeshwa kutoka mbali.

Kinachomkosesha ni muda na wenzake. Mhadhiri wa kwetu hufundisha vipindi vingi na kusahihisha rundo la mitihani, na hana mtu wa kumuuliza mlango wa pili kama Fermi alivyomuuliza Goeppert Mayer. Waliofanikiwa hushikilia ushirikiano na kundi moja la nje, hukutana nalo kwenye mtandao kila wiki, na huomba ufadhili wa kusafiri wakati wa likizo. Akiwaza kurudi, auandae ushirikiano huo kabla ya kufunga mizigo.

Je, bado kuna la kugundua, au wazungu wameshamaliza?

Liko tele. Namba za ajabu zenyewe zimeanza kuyumba. Kwenye magnesiamu-32 ile 20 haifanyi kazi tena. Mwaka 2013 maabara ya RIKEN, Japani, ilipima kalsiamu-54 na kupata dalili kwamba 34 nayo ni ya ajabu, walau hapo. Mwaka 2023 oksijeni-28, iliyotarajiwa kuwa ngumu kwa protoni zake nane na nyutroni zake ishirini, ilionekana kwa mara ya kwanza, na ikasambaratika papo hapo. Nadharia kadhaa zinapishana kuhusu sababu.

Yuko nyumbani sasa, anangoja kuitwa chuoni. Aanze na nini?

Atafute kompyuta ya mkononi hata kuukuu, aweke Python, ni ya bure. Achukue orodha ya uzito wa viini, inapatikana wazi mtandaoni kutoka shirika la kimataifa la nishati ya atomiki, achore nishati ya kung'oa nyutroni mbili dhidi ya idadi ya nyutroni. Mchoro utashuka polepole, kisha utaporomoka mara tu anapovuka 28, 50, 82 na 126. Kama huo mporomoko haumshughulishi, achague fani nyingine bila aibu. Kama utamfanya asilale, aniandikie, na anitumie mchoro pamoja na programu aliyoiandika, maana kitu cha kwanza nitakachouliza ni kama alizipanga data zake kwa elementi au alizichanganya zote.